Sayansi ya Kompyuta kidato cha tano: anachopaswa kujua mzazi na mwanafunzi wa Kibiti na delta ya Rufiji

Machi 2024, Ofisi ya Rais – TAMISEMI ilitangaza kuongezwa kwa tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, na kuifanya idadi ya tahasusi zote kufikia 65 kutoka 16 zilizokuwa zimezoeleka. Tangazo hilo lilitolewa na aliyekuwa Waziri wa Nchi katika ofisi hiyo, Mohamed Mchengerwa, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Rufiji. Wahitimu wa kidato cha nne wa mwaka 2023 walipewa hadi mwishoni mwa Aprili kuingia katika mfumo wa kielektroniki wa uchaguzi, maarufu kwa jina la Selform, na kubadili machaguo yao iwapo wangependa kufanya hivyo.

Katika majuma hayohayo Mto Rufiji ulifurika. Mapema Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zikalazimika kuhama. Wakati wahitimu wa mijini wakijadili iwapo waache PCB na kuchukua tahasusi nyingine, wenzao wa bondeni walikuwa wakiokoa magodoro na magunia ya mpunga. Mafuriko hayakuisukuma mbele tarehe ya mwisho ya mfumo.

Miongoni mwa tahasusi 65 imo PMCs, yaani Fizikia, Hisabati ya Juu na Sayansi ya Kompyuta. Kwa wazazi wengi wa Kibiti, hususan wa kata za delta za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, jina hilo bado ni geni, na linapotajwa huzua swali moja la haraka: mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataisomaje sayansi yake? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kina, kwa kuwa ndani yake mna dhana iliyowafanya wanafunzi wengi wenye uwezo kuikwepa njia hii kabla hawajaijaribu.

Dhana yenyewe ni kwamba Sayansi ya Kompyuta ni ufundi wa kutumia kompyuta. Kuandika barua kwa mashine, kutengeneza jedwali la matumizi, kutuma barua pepe na kutafuta habari mtandaoni ni stadi muhimu, na mwanafunzi anaweza kuzipata kwa majuma machache ya mafunzo. Somo la kidato cha tano na sita ni jambo jingine. Humfundisha mwanafunzi kulichambua tatizo, kulivunja katika hatua ndogo zisizo na utata, kuziandika hatua hizo kwa lugha ambayo mashine inaielewa, na kuthibitisha kwamba matokeo ni sahihi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kichwani na kwenye karatasi kabla mashine haijawashwa.

Mfano wa orodha ya majina unasaidia kuonyesha jambo hilo. Chama cha ushirika cha msingi kina daftari la wakulima 1,000 waliopangwa kwa kufuata alfabeti, na karani anatafuta jina la mkulima mmoja. Akianza jina la kwanza na kwenda moja baada ya jingine, anaweza kulazimika kusoma majina yote 1,000. Akifungua daftari katikati, akaona jina analolitafuta liko nusu ya mbele au ya nyuma, akaiacha nusu isiyohusika na kurudia hivyo hivyo, atalipata kwa kufungua mara zisizozidi 10. Daftari likiwa na majina 1,000,000, atahitaji takriban mara 20 tu. Utaratibu wa hatua kama huo ndio wataalamu wanaouita algorithimu. Mwanafunzi anayeweza kueleza ni kwa nini majina yakiongezeka mara elfu moja kazi inaongezeka mara mbili tu, tayari ameingia ndani ya somo, na hajahitaji umeme kufika hapo.

Mfano mwingine upo majini. Nahodha anayetoka Nyamisati kuelekea ndani ya delta hufuata kanuni isiyoandikwa: ikiwa maji yamejaa na upepo umetulia, ondoka, la sivyo, subiri. Ukiiandika kanuni hiyo kama programu, neno dogo la kuunganisha masharti hubeba uzito wote. Mwandishi wa programu akiweka “au” mahali pa “na”, mashine itaamuru chombo kiondoke maji yamejaa hata kama kuna dhoruba, nayo haitajua kwamba imekosea. Nahodha angekataa amri hiyo mara moja. Mashine haina uzoefu wa bahari, hutii ilichoandikiwa. Kwa sababu hiyo mantiki, yaani elimu ya kauli za kweli na uongo na namna zinavyounganishwa, huchukua nafasi kubwa katika somo hili, na kwa sababu hiyohiyo somo hilo huenda sambamba na Hisabati.

Ziko pia kanzidata, na hapa Kibiti haihitaji mifano ya kuazima. Ufuta na korosho za Mkoa wa Pwani huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na minada yake huendeshwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, mzigo hupimwa, hupewa stakabadhi, huuzwa mnadani, kisha malipo hurudi kwake kupitia benki. Taarifa za mtu mmoja hupita mikono mingi. Jina likiandikwa “Saidi” ghalani na “Said” benki, malipo yanaweza kukwama ilhali hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Mwanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta hujifunza kwa nini kila mkulima apewe namba moja isiyorudiwa, kwa nini taarifa za mkulima zitenganishwe na taarifa za mizigo yake, na namna ya kuziunganisha pale hesabu inapohitajika. Wazazi wengi wa wilaya hii wamesubiri malipo ya aina hiyo. Kilichoandikwa katika kitabu cha mtoto wao si kigeni kama kinavyodhaniwa.

Hata hivyo, si haki kumwambia mwanafunzi kwamba chaki na karatasi vinatosha. Somo lina sehemu ya vitendo. Programu iliyoandikwa daftarini haijulikani kama ni sahihi hadi itakapoendeshwa, na mara nyingi inapoendeshwa kwa mara ya kwanza hukataa. Kutafuta kosa, kulirekebisha na kujaribu tena ndiko kunakomkomaza mwanafunzi. Shule inayofundisha somo hili inahitaji kompyuta za kutosha, umeme wa uhakika na, zaidi ya vyote, mwalimu aliyelisomea. Kati ya mahitaji hayo matatu, mwalimu ndiye asiyeweza kununuliwa dukani. Tahasusi mpya hazifundishwi katika kila shule, na mwanafunzi hupangwa pale ambapo tahasusi aliyoichagua inafundishwa.

Kwa mwanafunzi wa delta jambo hilo lina maana ya safari. Tangu Kibiti igawanywe kutoka Rufiji na kuwa wilaya kamili, makao yake yako Kibiti mjini, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na hapo ndipo ilipo Shule ya Sekondari Kibiti, yenye kidato cha tano na sita. Mwanafunzi wa Msala au Kiongoroni hulazimika kuvuka mikono ya mto kwa chombo, kusubiri maji yajae, kisha kushika barabara. Akipangwa mkoa mwingine, safari ni ndefu zaidi. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, hatua iliyopunguza mzigo mkubwa, lakini nauli, sare, godoro, madaftari na mahitaji ya bwenini hubaki kwa mzazi. Familia inayotegemea kamba na samaki inafaa ianze kupanga mapema, kabla majina hayajatoka, kwa kuwa kwa kawaida muda kati ya kutangazwa kwa waliochaguliwa na kuripoti shuleni mwezi Julai huwa mfupi.

Mlango wa tahasusi hii, hata hivyo, hufunguka au kufungwa mapema kuliko hapo. Katika utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anapomaliza kidato cha pili huamua masomo atakayoendelea nayo. Wengi huiacha Fizikia wakati huo, baadhi kwa kuwa hawakuipenda, wengine kwa kuwa shule yao ilikuwa na mwalimu mmoja wa somo hilo au haikuwa naye kabisa. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi bila mzazi kujua, na hakuna anayemwambia kwamba ameiaga PMCs, PCM na PGM kwa siku moja. Miaka miwili baadaye Selform inapofika mezani, tahasusi 65 zilizotangazwa zimekwisha kupungua kwake hadi chache. Tangazo la Machi 2024 lilisikika zaidi kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Waliolihitaji zaidi ni wa kidato cha pili.

Hisabati ni kizingiti cha pili na ndicho kirefu zaidi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 ni takriban robo tu ya watahiniwa nchini waliofaulu somo hilo, na kiwango hicho kilihesabiwa kuwa ni nafuu kulinganisha na mwaka uliotangulia. Mwanafunzi anayetaka Sayansi ya Kompyuta anahitaji zaidi ya kufaulu kwa kuponea, kwa sababu Hisabati ya Juu ya kidato cha tano humpokea kwa kasi asiyoizoea. Kwa hiyo mzazi mwenye shilingi kidogo za ziada, akiulizwa aanze na nini kati ya kumnunulia mtoto simu janja na kumlipia masomo ya ziada ya Hisabati, jibu halina utata. Simu itakuja. Msingi wa kukokotoa milinganyo ukikosekana kidato cha pili, kuujenga upya kidato cha tano ni kazi ngumu mno.

Kwa upande wa vifaa, hali si ya mwaka 2000. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hupeleka kompyuta katika shule za umma na kuendesha mafunzo ya TEHAMA kwa walimu. Mfuko huohuo uliingia mikataba Mei 2023 ya kujenga minara ya mawasiliano 758 katika kata 713 za vijijini. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao inayotoa vitabu vya kiada bila malipo, na kitabu kikishapakuliwa mahali penye mtandao husomeka hata palipo kimya. Kupitia mradi wa SEQUIP zimejengwa shule 26 za sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, jambo linalompa binti wa delta nafasi ya kusoma sayansi akiwa bwenini badala ya kuvuka maji kila asubuhi.

Historia ya nchi inaonyesha pia kwa nini wataalamu wa ndani ni wa lazima. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye juhudi za kuhamishia mahesabu ya Serikali kwenye mashine kubwa zaidi zilileta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wazee waliofanya kazi serikalini enzi hizo wanaukumbuka uamuzi huo. Mashine zilikuwapo, waliokosekana ni Watanzania wa kutosha wa kuzielewa, kuzihoji na kukataa ushauri mbaya wa wauzaji. Leo Serikali hukusanya mapato kwa namba ya malipo, wakulima huuza kwa mnada wa kidijitali na wagonjwa husajiliwa kwa mifumo, na kila mfumo unahitaji mtu anayejua kilicho ndani yake.

Rufiji yenyewe inawahitaji watu hao kwa namna ya pekee. Juu ya mto lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya kufua umeme wa megawati 2,115, mitambo inayosimamiwa kwa vipimo na programu saa zote. Chini ya mto ipo delta yenye takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina yake Afrika Mashariki, ambao mabadiliko yake siku hizi hufuatiliwa kwa picha za satelaiti zinazochambuliwa na kompyuta. Kati ya bwawa na mikoko wapo wakulima wa mpunga wanaohitaji kujua siku kadhaa kabla kwamba maji yanakuja. Utabiri wa mafuriko ni hesabu: mvua iliyonyesha nyanda za juu, kina cha mto katika vituo vya vipimo, mwinuko wa ardhi na hali ya kujaa na kupwa kwa bahari. Mtaalamu aliyekulia Mbuchi anajua mambo ambayo picha ya satelaiti haionyeshi, kwa mfano ni mkono upi wa mto hujaa kwanza na ni njia ipi watu huitumia kukimbia.

Mwanafunzi asipopangiwa PMCs, njia haijafika mwisho, na jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa kuwa wengi hukata tamaa bure. Shahada nyingi za sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu na nyingine za jamii hiyo katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma huangalia zaidi ufaulu wa Hisabati ya Juu, hivyo aliyesoma PCM au PGM naye hupata nafasi ya kuomba. Sifa za kila programu huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Yupo pia anayekwenda chuo cha ufundi baada ya kidato cha nne, akaanza na astashahada ya TEHAMA na kupanda ngazi hadi shahada. Njia hiyo humfaa anayependa kufanya kazi kwa mikono mapema, na si njia ya walioshindwa kama inavyosemwa vijiweni. Kwa upande wa gharama za chuo kikuu, ipo mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita upo Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Kwa mwanafunzi aliye kidato cha nne sasa, hatua ziko wazi. Selform hujazwa shuleni kabla ya mtihani wa mwisho, na machaguo hayo yanafaa kujadiliwa nyumbani kwanza. Mwalimu wa taaluma ndiye mwenye mwongozo wa sifa za kila tahasusi na ndiye wa kuulizwa shule zipi zinafundisha Sayansi ya Kompyuta kwa mwaka husika. Matokeo yanapotoka, dirisha la kubadili machaguo hufunguliwa kwa muda maalumu, na mhitimu huingia katika mfumo wa TAMISEMI kwa kutumia namba yake ya mtihani. Asiye na mtandao kijijini anaweza kufanya kazi hiyo Nyamisati, Bungu au Kibiti mjini, au kumwomba mwalimu wake amsaidie. Namba ya mtihani iandikwe mahali salama, kwa mtu zaidi ya mmoja, kwa kuwa bila hiyo mfumo haumtambui mhitimu.

Kwa aliye kidato cha pili, kazi ni mbili: asiiache Fizikia kabla ya kuzungumza na mzazi na mwalimu, na ashike Hisabati. Wakuu wa shule wana mikutano ya wazazi. Ajenda ya uchaguzi wa masomo ya kidato cha tatu ikiingizwa katika mkutano wa kidato cha pili, mzazi wa Maparoni atalisikia jambo hili miaka miwili kabla ya Selform kumfikia mtoto wake.